Mji Mkongwe wa Goma Uko Wapi? Asubuhi Moja Kabla ya Ndege

Leo naanza na aibu yangu mwenyewe, halafu kutoka hapo tutaingia kwenye historia.

Mwezi wa pili 2020 nilikuwa nimemaliza lisansi ya historia miezi michache tu. Tasnifu yangu, ile huku tunaita memwari, ilikuwa juu ya Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885. Ungeniamsha usiku wa manane ningekutajia nani alikaa kwenye ile meza na nani alitaka kipande gani cha Afrika. Picha ya mahafali ilikuwa ukutani kwa mama. Kwa kifupi, nilijiona msomi.

Basi akaja mgeni. Kijana wa Kigoma, rafiki wa rafiki, tulifahamiana kwenye kundi la simu la wanafunzi wa historia. Alikuwa anatembea na begi moja la mgongoni, sakado kama tunavyosema huku, na viatu ambavyo vilikuwa vimekwisha kabla safari haijaisha. Alitoka Kigoma, akapita Bujumbura, akavuka Uvira, akapanda Bukavu, akachukua boti usiku mzima mpaka bandari ya Goma. Bandarini wakampima joto kwenye paji la uso na kumnawisha mikono kwa maji ya klorini, maana Ebola ilikuwa bado haijatangazwa kwisha Kivu Kaskazini. Kisha akapanda Nyiragongo, akalala kileleni, akaliangalia ziwa la lava likichemka usiku kucha. Akiba yake karibu yote iliishia pale.

Hatua iliyofuata ilikuwa Kinshasa, kwa ndege ya saa saba mchana. Wasiojua jiografia yetu waliniuliza juu ya nini asichukue basi. Hakuna basi. Kati ya Goma na Kinshasa kuna zaidi ya kilomita 1,500 ukipima kwa mstari ulionyooka, na hakuna barabara ya kukufikisha. Kwa mtu wa Goma, uwanja wa ndege ndiyo barabara ya kwenda kwenye mji mkuu wake mwenyewe. Shikeni hilo, tutalirudia.

Jioni ya mwisho akaniambia, "Kaka, nimebakiza asubuhi moja. Nipeleke mji mkongwe."

"Mji gani?"

"Mji mkongwe. Kila mji una sehemu yake ya zamani. Unguja kuna Mji Mkongwe, Mombasa kuna Mji wa Kale, kwetu Kigoma kuna Ujiji. Wa kwenu uko wapi?"

Nikajibu bila kufikiri, "Goma haina mji mkongwe. Goma ni mji mpya."

Akacheka. "Aisee, na wewe si ndiyo umesoma historia?"

Nililala na hilo swali.

ZIWANI

Alinigongea mlango kukiwa bado na giza. Simu yake ilikuwa haijabadilika, inasoma saa ya Tanzania, ambayo iko mbele ya saa ya Goma kwa saa nzima. Alidhani tumechelewa. Nilikasirika kidogo, lakini hiyo saa moja ya bure ndiyo iliyookoa asubuhi yote, mtaona.

Tukashuka ziwani. Wavuvi walikuwa wanarudi na ile mitumbwi yao mitatu mitatu, imeunganishwa kwa miti mirefu, wanaimba ili wapige kasia kwa pamoja. Mama mmoja alikuwa anakaanga sambaza pembeni. Mgeni akachukua mmoja, akamgeuza, akamwangalia.

"Huyu ni dagaa."

"Hapana, ni sambaza. Ni samaki wa Kivu."

"Kaka, mimi nimezaliwa Kigoma. Utanidanganya kwa vingine vyote, lakini siyo kwa dagaa."

Nikabisha. Nilikosea. Baadaye nilisoma: huyu sambaza wa kwetu, ambaye tunamuimbia na kumfanyia sherehe, ni mojawapo ya aina za dagaa wa Ziwa Tanganyika. Aliletwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji, kwa sababu maji ya katikati ya ziwa letu hayakuwa na samaki wa kuvua kwa wingi. Maana yake mgeni wangu alikuwa amesafiri kwa wiki moja kuja kula samaki wa nyumbani kwao. Na maana yake pia kitu ambacho mimi nilikiita asili yetu kilikuwa na umri mdogo kuliko bibi yangu.

Tukiwa bado tunakula, nikataka kurudisha heshima. Nikamwambia habari za Mjerumani Gustav Adolf von Götzen, Mzungu wa kwanza anayejulikana kufika Ziwa Kivu. Ilikuwa 1894. Alianzia Pangani, pwani ya Tanzania ya leo, na msafara wa mamia ya wapagazi, akavuka Rwanda, akapanda Nyiragongo, akaendelea magharibi mpaka mdomo wa mto Kongo. Vitabu vinamtaja yeye peke yake. Lakini hebu fikirini wale wapagazi wa pwani waliolala kwenye majivu ya volkano hapa juu, wakiulizana kwa Kiswahili baridi hii ni ya nini. Hao ni miongoni mwa watu wa mwanzo kuongea hii lugha yetu chini ya huu mlima.

Mgeni akaacha kutafuna. "Götzen? Yule wa meli?"

Sikuelewa. Akanieleza. Kule Kigoma kuna meli ya MV Liemba. Ilijengwa Ujerumani 1913, ikasafirishwa vipande vipande, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini 1915. Jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isichukuliwe na maadui. Waingereza wakaja kuiinua 1924, na tangu 1927 ikafanya kazi kwa jina la Liemba. Mtoto wa Kigoma anakua anaiona pale bandarini.

"Na si meli tu," akasema. "Ndiyo huyo huyo alikuwa gavana wetu wakati wa Maji Maji."

Kweli kabisa. Götzen alitawala Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia 1901 hadi 1906, na vita vya Maji Maji vilianza 1905. Mimi namjua kama mtu aliyeupanda mlima wetu, yeye anamjua kama mtu aliyeongoza mauaji ya babu zao. Tulikuwa na nusu moja moja ya mtu mmoja, kila mtu kwa shule yake. Ndipo nikaanza kuhisi kwamba hii asubuhi haitakuwa ya kupiga picha tu.

MPAKANI

Tulichukua pikipiki mbili mpaka Barrière ndogo, pale ambapo mtaa wa Birere unagusana na Gisenyi. Saa hiyo mpaka ulikuwa ndiyo umefunguliwa. Wamama wa Rwanda wanaingia na maziwa na nyanya, watu wetu wanatoka na bidhaa zao, mlemavu kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu amebeba mzigo kuliko gari. Mgeni alitaka kujua juu ya nini mji mmoja umekatwa vipande viwili, maana ukitazama kutoka mbali huoni Goma inaishia wapi na Gisenyi inaanzia wapi.

Hapo memwari yangu ilinisaidia, ila kwa nusu. Berlin hawakuchora huu mpaka kwa usahihi. Kwa miaka mingi Wabelgiji na Wajerumani waligombania Kivu, kila mmoja na ramani yake, mpaka walipokubaliana 1910. Kisiwa cha Idjwi kikaenda kwa Wabelgiji, Gisenyi ikabaki kwa Wajerumani, na Goma ikawa kituo kidogo cha Wabelgiji kinachoangaliana na jirani. Watu waliokuwa wakilima upande huu na kuoza mabinti upande ule waliamka wakiwa raia wa wafalme wawili wa Ulaya.

Mwaka 1994, katikati ya mwezi wa saba, karibu watu milioni moja waliingia Goma kutoka Rwanda ndani ya siku chache, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Kati yao walikuwemo raia waliokimbia kwa hofu, na walikuwemo pia wauaji na silaha zao. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Ninachokijua nilikipata kwenye vitabu: kipindupindu, na watu kiasi cha 50,000 waliokufa ndani ya mwezi wa kwanza.

Mgeni akaniuliza, "Walizikwa wapi watu wote hao?"

Sikujua kujibu. Nikaangalia saa. Tulikuwa bado na muda, kwa sababu ya ile saa moja ya Tanzania. Nikamwambia, "Twende kwa shangazi. Anakaa hapa karibu, Murara. Yeye alikuwepo."

Naomba mnielewe. Shangazi yangu alinilea. Nilikula kwake karibu kila Jumapili tangu nikiwa mtoto. Na sikuwahi, hata siku moja, kumuuliza juu ya 1994.

KWA SHANGAZI

Mgeni aliingia na kusema "Shikamoo." Shangazi akacheka, maana huku hatusalimiani hivyo, ila anaijua kutoka kwenye filamu za Bongo. "Jambo, mwanangu. Marahaba, si njo banajibu vile?" Akaleta chai. Mgeni akauliza kwa adabu swali lake lile lile: mji mkongwe uko wapi?

Shangazi hakufikiri hata kidogo. Akagonga sakafu kwa kisigino.

"Iko chini."

Tukadhani anatania.

"Njo hapa nyumba yangu ilikuwa. Ile ya kwanza. Iko chini yenu. Vitanda biko chini, mashini ya kushonea iko chini, picha za harusi ziko chini. Hapa tumekaa juu ya paa, mwanangu."

Mgeni akauliza kama anaruhusu arekodi kwa simu. Shangazi akakubali, ila akajifunga kitambaa kichwani kwanza, ingawa ilikuwa sauti tu.

Akaanza na 1994. Akasema barabara ilijaa watu mpaka huoni lami. Akasema Goma ni jiwe, ukichukua jembe linarudi mkononi. Watu walikufa haraka kuliko udongo ulivyopatikana, wakawekwa pembeni ya barabara wamefungwa kwenye mikeka, mpaka mashine za wanajeshi wa Ufaransa zikaja kufungua mashimo makubwa. Yeye alikuwa anagawa maji kwa ndoo. "Ulikuwa unampa mtu maji, unarudi na kikombe cha pili, unakuta amekwisha kwenda." Alisema hivyo bila kulia, kama mtu anayesoma orodha.

Kisha akaingia 2002. Hapo mimi nilikuwepo, nilikuwa na miaka sita, lakini kumbe nilikuwa na kumbukumbu za miguu tu: kutembea, kutembea, nimeshika kitenge chake. Yeye alikuwa na kumbukumbu kamili.

Ilikuwa Alhamisi, 17 Januari 2002. Asubuhi ile ubavu wa kusini wa Nyiragongo ulipasuka. Mlima wenyewe uko chini ya kilomita 20 kutoka mjini, mrefu mita 3,470. Wazee walikuwa wanakumbuka 1977, tarehe 10 Januari, ziwa la lava lilipomwagika lote kwa muda usiofika saa moja na kuwakuta watu vijijini kabla hawajajua wakimbilie wapi. Safari hii lava ilikwenda polepole zaidi, ila ilikuja mpaka katikati ya mji. Ilipita juu ya uwanja wa ndege, ikaingia mitaani, ikachukua maduka, ikachukua kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, na usiku ikaingia ziwani. Mamia ya maelfu ya watu walivuka kwenda Gisenyi, kwenye barabara zile zile ambazo miaka minane kabla zilileta wakimbizi kwetu. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwemo waliolipuka na kituo cha mafuta siku chache baadaye. Kiasi cha 120,000 walibaki bila nyumba. Na serikali ya kuwasaidia? Goma wakati ule ilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD, Kinshasa ilikuwa kama nchi nyingine.

"Tulirudi siku ya tatu," shangazi akasema. "Lava ilikuwa bado moto, ndala zilikuwa zinanata. Hapakuwa na njia, hapakuwa na mtaa, yote ni nyeusi. Kila mutu anatafuta kwake. Minafanya je? Kulikuwa nyumba ya ghorofa ya jirani, chini imezikwa, juu imebaki. Nikasimama pale kwenye dirisha, nikahesabu hatua kama vile nilizoea kwenda kuomba chumvi. Hatua makumi mbili na tano. Nikasema, hapa. Nikaweka jiwe. Nikakaa juu ya jiwe mpaka jioni, mutu asikuje kusema ni kwake."

Nyumba tuliyokuwa tunanywea chai ilijengwa juu ya lile jiwe. Msingi wake ni lava iliyopasuliwa kwa nyundo, kuta ni mbao, kama nyumba nyingi za Goma. Nilicheza juu ya msingi huo utoto wangu wote. Nilijua kwamba nyumba ya zamani iliungua. Sikujua habari ya zile hatua 25.

Nikamuuliza, "Shangazi, mbona hukuwahi kunieleza?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Hukuniuliza. Nilijua umesoma historia, nikasema labda banawafundisha."

UWANJANI

Ilikuwa imefika saa nne na nusu. Tukaaga haraka, shangazi akamfungia mgeni ndizi na karanga kwenye mfuko. Tukapita Rond-point Chukudu, mgeni akapiga picha moja tu ya ile sanamu ya dhahabu ya mtu anayesukuma chukudu, halafu chukudu halisi tatu zikatupita zimebeba magunia ya viazi, hakuna aliyezipiga picha. Njia nzima alikuwa anaangalia kuta. Ukishaambiwa, huwezi kuacha kuona: kuta za viwanja ni lava, msingi ni lava, vijana wanaouza mawe pembeni wanauza lava. Sisi huuchimba mji wa juu ili tujengee juu ya mji wa chini.

Uwanja wa ndege ndiyo ukurasa wa mwisho wa somo. Mwaka 2002 lava ilifunika karibu theluthi moja ya njia ya kurukia ndege, kiasi cha kilomita moja katika tatu. Kwa miaka mingi marubani walitua na kupaa kwa kile kilichobaki, upande mmoja mwamba mweusi, upande wa pili nyumba za watu. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege aina ya DC-9 ilishindwa kupaa, ikapitiliza, ikaingia Birere penye soko. Watu 40 hivi walikufa, wengi wao hawakuwa na tiketi ya kwenda popote. Walikuwa wanauza na kununua. Baadaye lava iliondolewa kidogo kidogo, na 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 52 kwa usalama wa uwanja huu. Hata hivyo, miezi mitatu tu kabla ya asubuhi yetu, tarehe 24 Novemba 2019, ndege ndogo ya Dornier ilikuwa imeangukia nyumba za mtaa wa Mapendo mara baada ya kupaa, na watu zaidi ya 25 walikufa.

Haya niliyajua yote. Lakini nilikuwa nayajua kama habari, kila moja na siku yake. Pale nje ya uwanja, tukisubiri foleni ya kulipia gopasi, kwa mara ya kwanza niliyaona kama kitu kimoja: mpaka uliochorwa 1910 unatubana mashariki, ziwa linatubana kusini, mlima unatubana kaskazini, mji mkuu uko mbali bila barabara. Mji wa aina hiyo unategemea uzi mmoja wa lami, na huo uzi umepita juu ya mwamba wa moto na katikati ya watu.

Mgeni akapimwa joto tena, akanawa mikono tena, akabeba sakado yake. Kabla ya kuingia akanigeukia. "Kaka, mji mkongwe nimeuona. Asante." Ndege ikaondoka kwa kuchelewa kidogo. Nilisimama nje ya ua mpaka ikapotea juu ya ziwa.

YALIYOFUATA

Mwezi mmoja baadaye korona ilifunga kila kitu. Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, Nyiragongo ikapasuka tena. Lava ilifika Buhene, ikasimama kabla ya uwanja wa ndege. Siku tano baadaye tukaamriwa kuondoka mitaa kumi, na watu karibu 400,000 wakatembea, wengine Sake, wengine Rutshuru, wengine Gisenyi. Safari hii mimi ndiye niliyembeba shangazi, kwenye pikipiki, katikati yangu na motari. Mgeni akanitumia ujumbe kutoka kwao: "Lile ziwa la moto nililoliona limekwenda wapi?" Lilikuwa limemwagika. Aliyoyaona kileleni 2020, aliyepanda baada yake kwa mwaka mmoja tu asingeyakuta vile.

Shangazi alifariki 2023, kwa ugonjwa, kitandani kwake, juu ya paa la nyumba yake ya kwanza.

Halafu ikaja Januari 2025. Usiku wa tarehe 26 kuamkia 27 wapiganaji wa M23 waliingia Goma. Wengi wenu mnaosoma hapa mliyaishi, sina haja ya kuwakumbusha mlilala wapi. Uwanja wa ndege ulifungwa, na mpaka ninapoandika hapa hakuna ndege ya abiria ya kwenda Kinshasa. Ule uzi umekatika. Anayetaka kwenda kwenye mji mkuu wa nchi yake anavuka mpaka, anapanda basi saa tatu hivi mpaka Kigali, anatafuta ndege huko nchi ya watu. Ile asubuhi ya mgeni wangu, ya chai saa mbili na ndege saa saba, leo haiwezekani. Nayo imeingia chini, kama mashini ya kushonea.

Katika zile siku za Januari nilipoteza simu na kompyuta, na ndani yake kila nilichokuwa nimeandika juu ya familia yetu. Nilikaa miezi nikidhani sauti ya shangazi imekwenda nayo. Kisha yule kijana wa Kigoma, aliponipata tena, akanitumia faili moja. Dakika 38. Unasikia vikombe, unasikia jogoo wa jirani, unasikia mimi nikikohoa, na unasikia kisigino kikigonga sakafu mara mbili kabla ya neno "chini."

Hiyo ndiyo kumbukumbu pekee ya sauti yake tuliyonayo. Ipo kwa sababu mtu wa kupita, mwenye begi mgongoni na asubuhi moja mkononi, aliuliza swali ambalo mimi msomi nililijibu vibaya.

Wandugu, sisemi memwari zetu hazina maana. Bila Berlin na bila 1910 nisingeweza kumweleza mgeni ule mpaka. Nasema tu kwamba tumefundishwa kusoma historia ya mahali ambapo hatupo, na wazazi wetu wananyamaza wakidhani shule imetufundisha yote. Wao wanatusubiri tuulize, sisi tunasubiri watueleze.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja, na siyo kikubwa. Jumapili hii, kwa mama, kwa shangazi, kwa jirani mzee, uliza maswali mawili: hapa tulipokaa palikuwa na nini zamani, na ulipajuaje? Rekodi. Tuma nakala kwa mtu anayekaa mji mwingine, maana simu zetu zinakimbia pamoja na sisi. Mkishafanya, andikeni hapa chini mmepata nini. Mimi nitaanza: hatua 25 kutoka kwenye dirisha la ghorofa, mtaa wa Murara, Goma.